Protini Isiishie Kwenye Mkojo: Namna ya Kumlisha Poni

Ingia kwenye banda la poni alfajiri, kabla saisi hajaanza kufagia. Kama macho yanawasha na harufu ya amonia inakukaba, usikimbilie kulaumu usafi. Angalia kwanza ndoo ya chakula, maana harufu ile ilikuwa protini. Mwenye farasi ameinunua kwa bei ya soya, poni ameila, na sehemu nzuri yake imemwagika sakafuni. Kisha mtu huyohuyo anamtazama poni mgongoni, anaona nyama imenyauka kandokando ya uti, anaagiza soya zaidi.

Mara nyingi hakuna haja ya kuongeza. Kinachotakiwa ni kubadilisha umbo la chakula na saa za kukitoa. Mwongozo huu ni kwa masaisi na wenye poni wachache wa kupandwa, kama wale wanaofugwa Karen, Limuru, Naivasha au pembezoni mwa Arusha: wanyama wanaokula nyasi kavu za robota, alfalfa kidogo (lusini, kama wengine wanavyoiita), na kitu fulani cha gunia kutoka agroveti. Kwa poni nina maana ya farasi asiyezidi sentimita 148 akipimwa begani.

Kwanza, ijue njia ya chakula

Wengi wetu tumekua na ng'ombe, na ng'ombe ndiye anayetupotosha. Yeye ana rumeni mbele: bakteria wanachachusha majani humo, halafu wao wenyewe wanashuka kwenye tumbo la kweli na utumbo mwembamba, wanameng'enywa. Kwa hiyo hata protini duni ikiingia kwa ng'ombe, bakteria wanaigeuza kuwa bora.

Farasi amepangwa kinyume. Tumbo lake ni dogo. La farasi wa kilo 500 hubeba lita 8 hadi 15 tu, na la poni ni dogo zaidi. Humo asidi na kimeng'enya kiitwacho pepsini huanza kuivunja protini. Kinachofuata ni utumbo mwembamba, ambako vimeng'enya vya kongosho huikata kuwa asidi amino, nazo huingia damuni. Chakula hupita sehemu hii kwa saa chache, mara nyingi moja hadi tatu. Baada ya hapo kinaangukia sikamu, mfuko mkubwa ulio mwanzo wa utumbo mpana, na huko ndiko bakteria walipo.

Protini ikifika sikamu haijameng'enywa, nafasi imepita. Bakteria wanaila na kujijenga, lakini miili yao inatoka na mavi. Nyingine inageuka amonia, inaingia damuni, ini linaifanya yurea, figo zinaitoa kwa mkojo. Sakafuni bakteria wengine wanairudisha kuwa amonia, na hiyo ndiyo inayokupokea mlangoni asubuhi.

Kila hatua hapa chini ina lengo moja: protini imeng'enywe kabla ya kufika sikamu.

Hatua ya 1: Pima mnyama, pima na mkebe

Uzito wa kukisia kwa macho haufai. Chukua futi ya fundi cherehani, mzungushie poni kifuani nyuma ya miguu ya mbele na upande wa nyuma ya mabega, upate mzingo. Kisha pima urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako. Zidisha mzingo kwa mzingo, zidisha kwa urefu, vyote kwa sentimita, halafu gawanya kwa 11,880. Poni mwenye mzingo wa sentimita 140 na urefu wa 135 anakuja karibu kilo 223. Si mizani, lakini inakaribia.

Sasa mkebe. Mabanda mengi yanapima kwa gorogoro, na gorogoro ni ya mahindi. Gorogoro iliyojaa mahindi ni karibu kilo 2. Ileile ikijaa pumba za ngano haifiki nusu ya hapo. Ukimwambia saisi "mpe gorogoro moja" bila kusema ya nini, hujasema kitu. Tafuta mizani ya kuning'iniza, pima kila chakula mara moja, na uchore mstari ndani ya mkebe kwa rangi isiyofutika. Nyasi nazo ziwekwe kwenye wavu na kuning'inizwa kwenye mizani hiyohiyo. Ukifanya hivyo juma moja utashangaa jinsi "mafungu mawili" ya saisi wa asubuhi yanavyotofautiana na ya saisi wa jioni.

Hatua ya 2: Jua anachohitaji

Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilichapisha mwaka 2007 viwango vya lishe ya farasi ambavyo vinatumiwa hadi leo. Kwa farasi mzima asiyefanya kazi, wastani ni gramu 1.26 za protini ghafi kwa kila kilo ya mwili kwa siku, na laisini iwe asilimia 4.3 ya protini hiyo. Laisini ndiyo asidi amino inayopungua kwanza. Ikikosekana, nyingine zote zinakwama zikiisubiri, na zinaishia kuchomwa kama nishati na kutoka kwenye mkojo.

Chukua poni wa kilo 220. Anahitaji takribani gramu 277 za protini na gramu 12 za laisini. Akila kilo 5 za nyasi za Boma Rhodes zilizokatwa vizuri, zenye protini ya asilimia 7 kwenye kitu kikavu (kinachobaki maji ya nyasi yakiondolewa, hapa kilo 4.5 hivi), anapata gramu 315 hivi. Kwenye karatasi ameshiba, na poni mzima wa kazi nyepesi huwa kweli yuko sawa.

Lakini nyasi zilizoachwa shambani hadi zikatoa mbegu na kugeuka rangi ya mabua zinaweza kushuka hadi asilimia 4 au 5. Robota ni lilelile na bei ni ileile, ila protini haifiki gramu 230, na nyingi imefungwa ndani ya nyuzi ngumu ambazo vimeng'enya vya poni havizifungui. Zinafunguliwa na bakteria wa sikamu, tumeshachelewa.

Kuna mwingine anayesahaulika: poni mnene. Amewekewa mipaka, anapewa kilo 3.7 tu za nyasi ili apungue. Nyasi zilezile za asilimia 7 zinampa gramu 230 na kidogo. Mafuta yanapungua, na misuli nayo inapungua. Huyu ndiye wa kupewa gramu 150 hivi za mashudu ya soya kwa siku, zigawanywe mara mbili, bila nafaka hata chembe. Watu wanaogopa kumpa soya mnene. Ninachokiogopa mimi ni mahindi.

Hatua ya 3: Umbo la chakula

Hapa ndipo pesa nyingi inapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Nyasi ndefu. Farasi hatoi mate kwa kuona chakula; anayatoa kwa kutafuna. Kilo moja ya nyasi kavu inamchukua farasi dakika 40 hivi, poni zaidi ya hapo, wakati kilo ya nafaka au peleti inakwisha kwa dakika 10. Mate yana bikaboneti inayopoza asidi, na yanakifanya chakula kishuke kidogokidogo. Nyasi ndefu basi ziwe msingi: kitu kikavu kisichopungua asilimia 1.5 ya uzito wa mwili kwa siku, na asilimia 2 kwa asiye mnene.

Alfalfa. Protini yake ni asilimia 15 hadi 20, lakini iko kwenye majani, siyo kwenye mashina. Fungua robota la alfalfa lililokauka kupita kiasi, litikise: vumbi la kijani linaloanguka chini ndilo ulilolinunua. Ukiiweka kwenye wavu mrefu juu ya sakafu yenye mchanga, poni anabaki na mabua, na akishuka kulamba majani anakula mchanga pamoja nayo. Itolee kwenye karai au hori lenye kina, na kama imekauka sana inyunyizie maji kidogo kabla hujaigusa. Robota livunjwe pale pale pa kulishia, lisikokotwe ua mzima.

Nyasi zilizosagwa na peleti. Zikisagwa laini, poni anazila haraka na zinapita haraka. Bakteria wanapata muda mchache na nyuzi, na poni anakosa kazi ya kutafuna. Matokeo yake anageukia mbao za banda au mkia wa mwenzake. Peleti za nyasi zina mahali pake kwa mzee asiye na meno, ila zisichukue nafasi ya nyasi zote. Peleti kavu kwa poni mlafi zinaweza kukwama kwenye umio. Utamwona amenyoosha shingo, anakohoa, chakula na mate vinatoka puani. Huyo aondolewe chakula na maji, aitwe daktari wa mifugo.

Nyasi zilizokatwakatwa, urefu wa kidole hivi, ni rafiki mkubwa. Changanya viganja viwili kwenye kila mlo wa gunia. Poni hawezi kubugia.

Soya. Soya mbichi isitolewe kabisa. Ina vizuizi vya tripsini, kile kimeng'enya cha kongosho kinachotakiwa kuivunja protini, kwa hiyo unampa protini na kufuli yake kwa pamoja. Joto linaviharibu vizuizi hivyo. Joto likizidi mpaka soya ikawa kahawia iliyoiva, laisini inafungamana na sukari na haimeng'enyeki tena. Mashudu mazuri yana rangi ya manjano hadi hudhurungi nyepesi na hayanuki kuungua. Protini yake ni asilimia 44 hadi 48. Mashudu ya alizeti ni rahisi kupata na bei yake ni nafuu, lakini laisini yake ni ndogo na yale yenye maganda ni nyuzi tupu. Ukiambiwa "protini ni protini", muulize huyo muuzaji laisini iko wapi.

Nafaka. Mahindi hayamo humu kwa ajili ya protini, ila yanaiharibia njia. Mlo mkubwa wa wanga hutoka tumboni haraka, unasukuma kila kitu mbele yake, na wanga ambao haujameng'enywa unachacha sikamu na kuleta msokoto wa tumbo au laminitisi, ule uvimbe wenye maumivu ndani ya kwato. Shika wanga chini ya gramu 1 kwa kilo ya mwili kwa kila mlo. Kwa poni wetu wa kilo 220 hiyo ni gramu 300 za mahindi, yaliyopondwa na ikiwezekana yaliyopikwa. Wanga wa mahindi mabichi ni mgumu kwa utumbo mwembamba. Poni wengi wa shule za kupanda farasi hawahitaji nafaka yoyote.

Pumba za ngano zina protini asilimia 15 hadi 17, ila fosforasi yake ni nyingi na kalsiamu ni kidogo. Ukizitoa kila siku juu ya malisho ya kikuyu au setaria, majani yenye oksaleti inayofunga kalsiamu, mifupa ya uso huanza kuvimba. Zitoe kidogo, na alfalfa iwepo kusawazisha.

Hatua ya 4: Panga saa

Tumbo la farasi hutoa asidi mchana na usiku, awe anakula au la. Tazama sasa ratiba ya kawaida: saisi anatoa chakula saa 11 jioni, anafunga, anarudi saa 12 asubuhi. Kifungu cha kilo moja kimekwisha kabla ya saa 1 usiku. Poni amekaa saa kumi na moja na tumbo tupu lenye asidi, na asubuhi anaushambulia mlo wa gunia kama mwizi wa mahindi. Anameza bila kutafuna, chakula kinapita utumbo mwembamba kwa mkupuo, soya inafika sikamu nzima. Mlo ule ungegawanywa mara tatu, nyingi ya protini yake ingeingia damuni.

Ratiba inayofanya kazi kwa poni wa kilo 220 mwenye kazi nyepesi ni kama hii:

Saa 12 asubuhi, nyasi kavu kilo 1, kabla ya kitu kingine chochote. Saa 1 kasorobo, nusu ya mlo wa protini na madini, umechanganywa na nyasi zilizokatwakatwa. Saa 3, nusu saa kabla ya kutandikwa, viganja kadhaa vya alfalfa; vinafanya mkeka juu ya asidi isije ikaruka wakati anakimbia. Saa 6 mchana, nyasi kilo 1. Saa 10 jioni, nyasi nusu kilo, na baada ya dakika ishirini ile nusu ya pili ya mlo pamoja na alfalfa iliyobaki, jumla ya alfalfa ya siku iwe nusu kilo. Saa 2 usiku, nyasi kilo 2 kwenye wavu wa matundu madogo.

Ule wa saa 2 usiku ndio unaobishaniwa, kwa sababu unahitaji mtu. Askari wa usiku anaweza kutundika nyavu zilizokwisha kujazwa na kupimwa. Kama hakuna kabisa mtu, tundika mbili saa 11 jioni, zenye matundu madogo, katika pembe mbili za banda. Huu si mpango mzuri kama ule wa kwanza, lakini ni bora mara nyingi kuliko fungu moja sakafuni. Lengo ni asizidi saa nne hadi sita bila nyasi.

Mlo wa gunia, wowote ule, usizidi nusu kilo kwa kila kilo 100 za mwili kwa mara moja. Kwa poni ningeshuka hata chini ya hapo. Na usimfungishe poni mnene njaa ili apungue haraka: mafuta yanamwagika damuni kuliko ini linavyoweza kuyashughulikia, na poni na punda hufa kwa hilo.

Maji yawepo muda wote. Poni wa ukubwa huu hunywa lita 10 hadi 15 siku ya baridi, zaidi wakati wa joto. Anayezidishiwa protini hunywa na kukojoa zaidi, na hiyo peke yake ni dalili.

Hatua ya 5: Vitu visivyoingia ndoo ya farasi

Chakula cha kuku wa nyama, na baadhi ya vyakula vya ng'ombe wa maziwa au wa kunenepeshwa, huwekwa monensini. Kwa kuku ni dawa, kwa farasi ni sumu ya moyo hata kwa kiasi kidogo. Soma lebo, kama haijulikani kilichomo, gunia hilo lirudi dukani. Hata mkebe uliochota chakula cha kuku usitumike banda la farasi.

Yurea kwenye chakula cha ng'ombe inaongeza "protini" kwenye lebo. Rumeni inaweza kuitumia, poni haimfai.

Lukina, mti ambao maafisa ugani huusifia kwa mbuzi na ng'ombe, una mimosini. Farasi akiula mara kwa mara hupoteza manyoya ya shingo na mkia.

Mahindi yenye ukungu yatupwe, yasipunguziwe bei na kuhamishiwa kwa farasi. Ukungu wa Fusarium hutoa sumu inayoozesha ubongo wa farasi, na mnyama anaweza kufa ndani ya siku chache tangu dalili za kwanza.

Hatua ya 6: Soma majibu

Amonia bandani ikipungua bila kubadilisha matandiko, uko njiani. Chukua donge la mavi ulipasue kwa mikono: nyuzi ndefu au punje nzima zinasema meno yana kasoro au anakula haraka mno. Angalia sakafu chini ya hori. Viringe vya nyasi vilivyotafunwa nusu na kutemwa ni kilio cha jino. Meno yakaguliwe angalau mara moja kwa mwaka, kwani hakuna soya inayofidia gego lenye makali.

Mgongo utachukua muda mrefu zaidi, miezi, na hautajaa kama poni hapandwi wala kutembezwa. Piga picha ya ubavu mahali palepale kila mwezi. Macho yanayomwona kila siku hayaoni mabadiliko.

Ukibadilisha chochote, hata robota la shamba jipya, changanya kidogokidogo kwa siku 7 hadi 14. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, la sivyo hutajua kilichosaidia.

Wale ambao hesabu yao ni nyingine

Jike anayenyonyesha, mwezi wa kwanza, anahitaji protini zaidi ya mara mbili ya asiye na kazi. Jike wa kilo 200 hufikia gramu 614 kwa siku. Hapa nyasi peke yake hazitoshi: alfalfa nzuri na soya ni lazima, zigawanywe milo mitatu au minne. Mtoto anayekua naye anadai laisini kuliko wingi wa protini.

Poni mzee aliyepoteza magego anaweza kuishi vizuri kwa peleti za nyasi na alfalfa. Zitie maji vuguvugu mara mbili ya ujazo wake, zisubiri zivimbe mpaka zipondeke kwa vidole, ongeza soya yake humo, na umpe milo minne au mitano kwa siku, akiwa peke yake mbali na vijana wanaomaliza haraka na kumpora. Kilichobaki baada ya saa chache kimwagwe na ndoo ioshwe, maana kwenye joto la mchana uji huo huchacha kabla ya jioni.